Tunasimama Siku Zote, Sasa Tuwekewe Reli

Hii ni hotuba kuhusu reli za chuma za kusimamia mashabiki uwanjani, niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa mashabiki pale Temeke. Spika ilikuwa inakatakata na waliokuwa nje hawakusikia hata nusu, wengi wakaniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoongea na nimeongeza vitu viwili vitatu nilivyovisahau siku ile.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, dada zangu, vijana wenzangu wa Jangwani na wa Msimbazi, yaani Yanga na Simba, habari za jioni. Nashukuru leo tumekaa chumba kimoja bila kujali jezi maana hili jambo haliangalii jezi.

Mimi sio kiongozi wa klabu wala sio mtu wa TFF, shirikisho la mpira la nchi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko Gerezani, nachomelea mageti, grili za madirisha, ngazi, na uwanjani nakaa mzunguko, kule kwenye tiketi za bei rahisi, tangu enzi za Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, kabla huu uwanja mkubwa wa Mkapa haujafunguliwa 2007. Kwahiyo leo ntaongelea vitu viwili tu ninavyovijua, chuma na mzunguko.

Naomba nianze na swali. Mechi ya dabi iliyopita nani hapa alikaa? Yaani alikaa kwenye kiti chake dakika tisini zote, anyooshe mkono. (Ilinyooshwa mikono mitatu, wote walikuwa VIP.) Haya, asanteni. Mmeona wenyewe. Watu zaidi ya mia humu ndani na mzunguko mzima hakuna aliyekaa. Uwanja unauziwa jina la uwanja wa viti, tiketi inaandikwa kiti, ila ukweli tunaoujua sisi ni kwamba tunasimama, tumesimama miaka yote, na tukichoka kusimama chini tunapanda juu ya kiti chenyewe ili tuone. Kwahiyo mtu akija kuniuliza fundi wewe unataka watu wasimame uwanjani, namwambia ndugu yangu wameshasimama zamani, mimi naomba wasimame sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusimama.

Ngoja niwaambie kwanini kusimama kwenye viti vya plastiki ni hatari, na hapa nisikilizeni kama fundi. Mtu akisimama mbele ya kiti chake, mgongo wa kiti cha mstari wa mbele yake unamfikia wapi? Unamfikia kwenye muundi, akiwa mfupi unamfikia gotini. Sasa goli likiingia nyuma wote wanasukuma, wewe unaenda mbele, kile kiti kinakuzuia miguu lakini kiwiliwili hakizuiliwi na kitu, ndio pale unapinduka kichwa kinatangulia unamwangukia wa mbele, naye anamwangukia wa mbele yake, mnakwenda hivyo hivyo mpaka mstari wa tano wa sita. Ile ndio shida. Kiti kile kinakuchota miguu. Kama pale pangekuwa na chuma kinachokufika kiunoni ungekiegemea, ungepiga kelele zako, ungemkumbatia usiyemjua, na usingeanguka.

Mimi yalishanikuta kwenye uwanja mmoja wa mkoani, jina nauacha. Dakika za mwisho, tuko wengi tumepanda juu ya viti, goli likaingia, kiti kikapasuka chini yangu mguu ukazama mpaka gotini, plastiki ile ikikatika inakuwa kama msumeno, kovu hili hapa bado ninalo. Ila mimi sio habari. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja anauza karanga, kabeba ndoo yake ndogo nyekundu, yeye wala hakuwa anashangilia, alikuwa anapita kati ya mistari anarudisha chenji. Tulivyosukumwa alipitiliza mistari miwili, akaangukia mikono, karanga zikamwagika zote, na kuna kijana kamkanyaga vidole vya mkono wa kulia anashangilia hajui kabisa kama kuna mtu chini. Namvuta yule kijana jezi, hasikii. Mpaka namtoa yule mama, vidole vilishaanza kuvimba, na kitu cha kwanza alichouliza ni ndoo yake iko wapi. Sijawahi kuusahau ule mkono. Mwenye kosa pale ni nani? Kijana kashangilia goli, kazi yake ndio hiyo. Mama yuko kwenye biashara yake. Kosa liko kwenye zege na ile plastiki, pamejengwa kama vile binadamu hatashangilia.

Sasa najua wazee wanaofuatilia mpira wa Uingereza watasema, fundi umesahau Hillsborough? Sijasahau, na naomba tuiseme vizuri, kwasababu wengi tunaisikia nusu nusu.

Ilikuwa 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Mashabiki wa Liverpool walipewa upande wa Leppings Lane. Wenye tiketi za kusimama walikuwa 10,100, na mageti ya kuzungusha ya kuwapitisha yalikuwa 7. Saba! Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anajua haitatoka. Watu wakarundikana nje, mechi inakaribia kuanza, polisi wakaona huku nje watakufa watu, saa 8 na dakika 52 mchana wakafungua geti kubwa la kutokea, geti C. Watu wakaingia kwa wingi na mbele yao kulikuwa na njia ya chini kama handaki inayokwenda moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, namba 3 na namba 4, ambavyo vilishajaa. Pembeni kulikuwa na nafasi tele. Hakuna aliyesimama pale mdomoni mwa handaki akawaambia jamani huku kumejaa piteni pembeni. Na mbele ya vile vizimba kulikuwa na uzio wa chuma mrefu, umewekwa ili watu wasiingie uwanjani, kwahiyo nyuma unasukumwa, mbele kuna uzio. Kizuizi kimoja cha chuma ndani ya kizimba namba 3 kikavunjika kwa uzito, watu wakaangukiana. Walikufa 97, wa mwisho alifariki 2021, miaka 32 baadae, kwa majeraha ya siku ile.

Alafu wakalaumiwa wao. Wakaitwa walevi, wahuni, wakaandikwa kwenye magazeti kwamba wamewaibia maiti. Familia zile zilipigana miaka 27 mpaka 2016 baraza la mahakama likasema watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 mama anatafuta kauli moja tu kwamba mwanangu hakujiua. Mimi nikilifikiria hili huwa nanyamaza kidogo.

Baada ya pale jaji Taylor alitoa ripoti Januari 1990 akapendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu, na kufika 1994 madaraja mawili ya juu ya Uingereza yakawa hivyo, kusimama marufuku. Simlaumu. Viwanja vya Uingereza vya wakati ule vilikuwa vichakavu, uzio kila mahali, hakuna anayehesabu watu, na viti vililazimisha kitu kimoja kikubwa sana, kila mtu awe na namba yake. Nataka mlishike hilo. Kilichookoa watu kwenye viti ni ile namba, idadi inajulikana, kizimba hakipokei zaidi ya uwezo wake. Kukunja magoti yenyewe hakuokoi mtu.

Na jamaa wenyewe walikuja kuliona. Watu waliendelea kusimama kwenye viti kama sisi tu, kila wikiendi, miaka na miaka, hasa upande wa wageni, na mastewadi, wale wasimamizi wa mashabiki, wakachoka kuwaambia kaeni. Celtic kule Scotland 2016 wakafunga viti vyenye reli kwa watu zaidi ya 2,500. Liverpool, nasema Liverpool, timu yenye msiba ule, mashabiki wake walikaa wakajadiliana, kuna familia zilikataa na zina haki ya kukataa, ila wengi wa chama chao cha mashabiki walipiga kura wakakubali hizi reli. Mwaka 2022, tarehe 2 Januari, kusimama kwa ruhusa kukarudi Ligi Kuu ya Uingereza, mechi ya kwanza ilikuwa Chelsea na Liverpool pale Stamford Bridge, ikaisha 2-2.

Sasa hizo reli zikoje. Kila mstari una fremu ya chuma imefungwa kwenye zege kwa bolti, bomba la juu linafika kiunoni. Kiti kimo ndani ya fremu hiyo hiyo, kinakunjwa juu na kufungwa kwa lock, siku mnataka watu wakae kinafunguliwa. Wewe umesimama, mbele una reli, nyuma una reli, ukisukumwa unaishia kwenye reli yako, humfikii wa mbele. Na kwa Uingereza sharti ni nafasi moja mtu mmoja, hawaruhusu kujaza wawili. Ni hicho tu, hakuna uchawi wala teknolojia ya kutisha, ni paipu na zege.

Wajerumani wao hawakuacha kabisa kusimama. Pale Dortmund upande wa kusini peke yake wanasimama karibu watu 25,000, ile mnaiona kwenye TV inaitwa Ukuta wa Njano. Na tiketi za kusimama ndio rahisi, kijana wa kawaida anaingia. Hili nalo ni la kwetu, kwasababu wasiwasi wangu mkubwa ni kwamba viwanja vipya vikija na viti vizuri vizuri mtu wa mzunguko atasukumwa nje kwa bei, na mpira wa nchi hii umebebwa na mtu wa mzunguko, mwenye vuvuzela na ngoma, anayetoka Mbagala kwa daladala saa nne asubuhi mechi saa moja usiku.

Naomba sasa nirudi nyumbani Afrika, maana sio msiba wa Hillsborough peke yake wa kukumbuka, na sisi tuna misiba ya kwetu na hatuisemi.

Accra, 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki waling'oa viti vya plastiki wakavirusha, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti, mageti yamefungwa. Walikufa 126. Wiki nne kabla yake, 11 Aprili, Ellis Park Johannesburg, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, watu wameingizwa kuliko uwezo na wengine wanasukuma nje, 43 wakafa. Nairobi, Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards uwanja wa Nyayo, saba getini. Yaoundé, 24 Januari 2022, AFCON, Cameroon na ndugu zetu Comoro, uwanja mpya kabisa wa Olembe, viti kila mahali vinang'aa, wanane wakafa, wamefia getini, hata hivyo viti hawakuviona.

Na sisi. Uwanja wa Uhuru, Machi 2021, tulienda kumuaga Rais Magufuli, tukazika wengine 45. Haikuwa mpira lakini ni uwanja ule ule na mageti yale yale. Alafu 28 Mei 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria. Mimi ni Mwananchi, mtu wa Yanga, ile siku nilivaa jezi tangu alfajiri. Pale nje kwenye kukanyagana mtu mmoja alifariki na 30 wakaumia. Mtu katoka kwao kuja kuangalia fainali, hakurudi.

Mnaona kinachojirudia? Geti. Geti, na idadi isiyojulikana, na polisi wenye mabomu ya machozi kwenye watu wasio na pa kukimbilia. Ndio maana naweka sharti langu hapa mbele ya wote na mniandike jina: kama sehemu ya kusimama itajengwa alafu wauze tiketi mbili kwa nafasi moja, au waachie walanguzi wapitishe watu kwa mkono, mimi ntakuwa wa kwanza kuipinga. Reli bila kuhesabu watu ni kizimba namba 3. Tunayo mashine za kadi getini tayari, N-Card zipo, ziwe zinasoma block kwa block, ikijaa block H geti lake linafungwa, awepo stewadi mwenye redio pale kwenye mlango wa ndani, sio getini tu, mlango wa ndani, kwasababu Hillsborough watu walifia kwa kukosa mtu mmoja wa kusimama kwenye mlango wa ndani.

Kuna watu wameniuliza, fundi kwanini tusilazimishe tu watu wakae? Tumejaribu. Desemba 2024, Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, kwenye ile fujo ya mashabiki viti 256 viling'olewa. Wanasimba mliopo hapa mnajua kilichofuata, mechi ikachezwa bila mashabiki. Sisemi reli ingezuia ile fujo, hapana, ile ni tabia na tabia tuirekebishe wenyewe. Nasema kama fundi kwamba kiti cha plastiki kinakanyagwa kila mechi, kinalegea kwenye bolti, kinang'oka kama jino bovu, alafu kinakuwa silaha. Fremu ya chuma iliyozama kwenye zege haing'oki kwa mkono.

Mwingine kaniuliza kuhusu CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Ni kweli, mashindano ya CAF na FIFA yanataka viti, na AFCON 2027 inakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Ndio uzuri wa hizi za kukunja. Mechi ya ligi viti vinafungwa watu wanasimama, mechi ya CAF vinafunguliwa watu wanakaa. Na hata UEFA, wenye mpira wa Ulaya, ambao walikuwa wakali sana, 2022 walianza kuruhusu kwa majaribio kusimama kwenye mechi zao Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Kabla ya hapo Dortmund ikicheza Ulaya ilikuwa inaweka viti upande wa kusini na uwanja wa zaidi ya watu 81,000 unashuka mpaka kama 66,000. Kwahiyo kubadilisha kunawezekana. Na huu ndio wakati wenyewe, Arusha panajengwa, huku kwetu panakarabatiwa, zege likishamwagwa kuja kulitoboa ni gharama mara mbili.

Suala la kina mama na wazee. Dada mmoja hapa aliniambia juzi, fundi mkiweka kusimama sisi wafupi na wenye watoto mnatufukuza. Nimelifikiria sana na jibu langu ni kinyume chake dada yangu. Leo wewe umekuja na mwanao, umenunua kiti, mbele yako yupo jamaa kapanda juu ya kiti chake anapiga ngoma. Umwambie akae? Atakaa wapi na wa mbele yake kasimama? Leo wote tumechanganywa, anayetaka kusimama na anayetaka kukaa wamepewa mstari mmoja, kwahiyo anayetaka kukaa ndio anaonewa kila mechi. Tukiwa na sehemu yetu nyuma ya goli, wenye ngoma wote twende huko, ndio mstari wa mtoto utakaa kweli. Na mlemavu wa kiti cha magurudumu ambaye sasa hivi anaangalia migongo ya watu, naye ataona mpira.

La mwisho ni kuhusu kazi yenyewe, hapa naongea na yeyote atakayepewa tenda. Reli ya uwanjani sio grili ya dirisha. Nimeona vizuizi kwenye viwanja vyetu vimepigwa tack mbili tatu, yaani madoa madogo ya weldi, vikapakwa rangi vikapendeza, ukisukuma kwa mguu vinacheza. Mguu wa reli lazima uwe na sahani ya chuma chini, bolti nne zizame kwenye zege zima, sio kwenye plasta, weldi izunguke bomba lote, isipigwe kwa madoa, na kabla ya mtu mmoja kuingia zivutwe kwa mashine zipimwe, na zipimwe tena kila mwanzo wa msimu maana sisi Dar ni watu wa pwani, chumvi ya hewani inakula chuma kwa ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Kile kizuizi kilichovunjika Hillsborough kilikuwa chuma pia.

Ninachoomba ni block moja tu. Block moja nyuma ya goli, msimu mmoja, ihesabiwe, ipigwe picha, waumie wangapi na wasiumie wangapi ijulikane, alafu tukae tena hapa.

Nimekuja na kitu. Pale nje chini ya mwembe kuna kipande cha mita mbili nimekichomelea mwenyewe wiki hii, paipu inafika hapa kiunoni, na kiti cha kukunja nimekitengeneza kwa mbao kwa sababu sikupata cha plastiki. Nimekifunga kwenye slabu ya zege ya kisima. Naomba tukitoka mje watano watano, mkiegemee, msukumane kwa nguvu zote kama goli la dakika ya tisini, na mzee wangu uliyekaa pale mbele wewe uanze, nitakushika mkono.